Kipande cha Kukaa Tu

Mgongo wangu ndio ulionifikisha kwenye ukingo ule. Nilikuwa nimeshona kwa miaka mingi mjini Garsen, kwenye kibanda cha mabati karibu na soko, sare za shule kila muhula ukifunguliwa na magauni ya kwaya Krismasi ikikaribia, na mwili ukafika mahali ukakataa. Nikiinama kutia uzi kwenye sindano, maumivu yalinishuka kutoka kiunoni hadi kwenye unyayo wa kushoto. Daktari akaniambia niwe naiacha cherehani alasiri, niende mahali nikanyooshe miguu. Nami sikuwa na mahali pengine ila kipande cha shamba la marehemu baba, upande wa Idsowe, pale mto ulipokiacha.

Nasema kukiacha kwa maana yake hasa. Tana huhama. Nilipokuwa mdogo maji yalipita mlangoni pa shamba lile, kisha mwaka mmoja wa mafuriko mto ukajikatia njia mpya, ukaacha kona yake ya zamani imejaa maji yaliyotulia, na matete pembeni. Baba alipanda mpunga pale maji yaliporuhusu. Alipofariki, ndugu zangu wakabaki na mashamba yao ya ndizi na mahindi ng'ambo, palipo na udongo mzuri, na kipande kile nikaachiwa mimi, kifungua mimba wake. Yeye mwenyewe alikuwa amelitamka jambo hilo mbele ya mama na mbele ya mdogo wake, yaani baba mdogo wetu. Hakuna aliyelipinga kwa sababu hakuna aliyekitaka.

Siku za kwanza nilikwenda na jembe. Nililima kidogo, mgongo ukanikataza, nikakaa chini kupumzika. Siku iliyofuata nililima kidogo zaidi ya hapo, nikakaa muda mrefu zaidi. Baada ya wiki kadhaa jembe nililiacha nyumbani. Nilikuwa nikipanda bodaboda baada ya chakula cha mchana, nashuka penye barabara, natembea kwa mguu hadi penye mkuyu, natandika leso, nakaa.

Sikufanya kitu. Hili ndilo jambo ambalo baadaye sikuweza kulieleza, kwa hivyo nalisema mapema. Sikuomba, sikuimba, sikuwaza mambo ya kibanda. Nilikuwa naangalia maji. Mwanzoni unayaona maji tu. Baadaye unaona kwamba ndege mmoja mweusi, mnandi, huja kutua kwenye kisiki kilekile, akaning'iniza mabawa yake kama nguo iliyoanikwa. Kenge ana njia yake kwenye matope na haibadilishi. Viboko hupandia upande wa mkuyu jua likishalegea, na kabla hawajaibuka, yangeyange wote walio upande ule huruka kwa pamoja. Nilijua kwamba kiangazi kikikaza, maji hupungua kila mahali ila penye kina chini ya ukingo mrefu, ambapo rangi yake huwa ya chai ya rangi na hayakauki kabisa. Sikuyatafuta mambo haya. Yalikuja yenyewe kwa sababu nilikuwa nimenyamaza.

Niliwapenda zaidi minana, wale ndege wadogo wa manjano wanaosuka viota. Walikuwa wameujaza mgunga mmoja ulioinamia maji, kila tawi limening'iniza viota kama mifuko. Dume hukata jani la tete, analipasua, analifunga fundo kwa mdomo. Mimi fundi wa nguo, nilikuwa nikiyatazama mafundo yale kwa wivu. Jike huja kukagua. Akiingia akatoka bila kurudi, dume hukifumua kiota chote, akaanza upya palepale.

Watu walinishangaa, sikatai. Mama mmoja wa Kiorma aliyepitia pale akipeleka ng'ombe maji aliniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia sijapoteza kitu. Alisimama nami kidogo akitazama ninakotazama, kisha akasema, "Mimi macho yangu iko na ng'ombe tu," akaenda zake, na tangu siku ile akipita alikuwa akinisalimia kwa sauti ya chini, kama mtu anayempita mwenzake kanisani.

Maumivu yalipungua. Sitasema yaliisha. Lakini nilianza kulala usingizi wa kueleweka, na wateja wakaniambia nimepunguza ukali.

Nilikuwa nimekaa pale miaka kadhaa mdogo wangu aliporudi kutoka Malindi. Ni kitinda mimba wetu, mimi ndiye niliyembeba mgongoni mama akiwa shambani, na harusi yake ya Malindi nguo zote nilizishona mimi. Alikuja kibandani asubuhi moja na begi moja na macho yamevimba. Mumewe alikuwa ameoa mke mwingine bila kumwambia, na alipouliza, akabadilishiwa kufuli. Hakunisimulia yote siku hiyo. Alikaa kwenye kiti cha wateja hadi nikafunga, nikaenda naye nyumbani kwangu.

Alikaa kwangu akiwa hali na hasemi. Nikipika anachokoa. Jirani wakija anajifunika leso hadi usoni. Mama alitaka nimpeleke kwa mchungaji aombewe, nikampeleka, tukarudi akiwa vilevile. Nilikuwa nikiondoka alasiri kwenda shambani na kumwacha amelala akitazama ukutani, na roho ilikuwa inaniuma. Mwishowe nikamwambia, "Mdogo wangu, inuka twende mahali. Hutaulizwa kitu."

Siku ya kwanza alishika simu muda wote, akiinyanyua juu kutafuta mtandao ambao haupo. Siku nyingine aliulizia mbu, akaulizia nyoka, akauliza tunaondoka saa ngapi. Sikumlazimisha. Nilimtandikia leso karibu na yangu. Polepole simu ikabaki kwenye pochi. Siku moja alilia, bila sauti, machozi yakimshuka hadi shingoni, na mimi sikumgeukia kwa sababu nilijua akigeukiwa atanyamaza. Nilimwonyesha mnandi. Nilimwonyesha njia ya kenge. Alipoogopa viboko nilimweleza wanapopandia na jinsi ya kuwajua kabla hawajaibuka, akatulia. Nilimweleza maji yale ya rangi ya chai yasiyokauka. Vyote nilivyovikusanya kwa miaka nilimpa, kwa sababu nilitaka apate mahali pa kuyaweka macho yake.

Kisha siku moja akacheka. Dume mmoja wa mnana alikuwa amesuka kiota kimependeza, jike akaja, akaingiza kichwa tu, akaruka akaenda zake. Dume akabaki ananing'inia kichwa chini, mdomo wazi. Mdogo wangu akacheka mpaka akajishika ubavu. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu arudi. Akajifuta macho, akaniambia, "Dada, hapa ndipo nilipopumua."

Maneno hayo niliyaweka moyoni. Ningeweza kuambiwa lolote juu yake baada ya siku ile, nisiliamini.

Mvua kubwa zikaja. Mto ulipanda ukachukua mpunga wa watu, ukachukua ndizi za ndugu zangu na udongo pamoja nazo, na familia nyingi zikahamia sehemu za juu, kwenye mahema. Maji yalipopungua kila mtu alikuwa anaanza upya. Mdogo wangu kwa wakati huo alikuwa amepata nguvu. Alikuwa ameajiriwa dukani Garsen, anatoka asubuhi, anarudi jioni amechangamka, na hakuja tena ukingoni ila mara mojamoja. Sikuona ubaya. Mgonjwa akipona huondoka kitandani.

Ndipo mama akatuita nyumbani kwa kikao cha familia. Tulikaa uani, kwenye kivuli cha mabati ya jikoni: mama, baba mdogo, kaka zangu wawili, mimi, mdogo wangu, na mgeni mmoja aliyevaa viatu vya shambani ambavyo havijawahi kuona tope. Baba mdogo akaeleza kwamba mgeni analima tikiti maji kwa pampu, na anatafuta ardhi ya kukodi iliyo karibu na maji ya kudumu. Amekiona kipande cha marehemu na kimemfaa. Familia imeharibikiwa mashamba, na huyu amekuja na kazi.

Nilisikiliza. Nilikuwa nimeshajiandaa kusema kwamba pale hapamfai, kwamba ni matete na viboko, na viboko watamlia tikiti zote kabla hazijaiva. Lakini mgeni alinitangulia. Alisema hana wasiwasi na viboko, kwa kuwa hupandia upande wa mkuyu tu, kwa hivyo huko ataweka uzio na mkuyu ataukata. Pampu ataiweka chini ya ukingo mrefu, penye yale maji ya rangi ya chai, ambayo kiangazi hayakauki.

Aliyatamka hivyohivyo. Maji ya rangi ya chai.

Maneno hayo hayakuwa ya mtu mwingine yeyote. Kaka zangu hawajui maji yale yana rangi gani, hawajakaa pale hata muda wa kunywa kikombe cha maji. Duniani nilikuwa nimemwambia mtu mmoja. Nikamgeukia. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kibaraza, miguu ameikutanisha, anachezea ukanda wa pochi yake.

Baba mdogo akaniuliza kama nina neno. Nikasema ninalo, kipande kile baba alinipa, na ninakitumia.

"Unalima nini pale?"

"Silimi."

"Unavua?"

"Sivui, baba mdogo."

"Basi unakitumia kwa kazi gani?"

Nilitafuta neno. Nimezaliwa ndani ya lugha mbili na sikulipata katika hata moja. Nikasema, "Naangalia."

Kaka yangu mmoja alicheka kwa pua. Mgeni alitazama chini kwa adabu. Mama alishika tama, na niliona kwamba ananionea haya. Nikajaribu tena. Nikasema kwamba pale ndipo mgongo wangu ulipopatia nafuu, na kwamba si mgongo wangu tu, kuna mtu mwingine hapa kikaoni aliyefika pale akiwa hali chakula, na aseme mwenyewe alivyoondoka. Sikumtaja. Nilimtazama tu, na wote wakafuata macho yangu.

Alikuwa na nafasi ya kusema. Hata neno moja lingenitosha. Hata angesema hajui.

Akasema, "Ni kweli nilikaa naye pale. Nimeona kwa macho yangu. Hakuna kinachofanyika. Dada hukaa tu."

Hukaa tu. Kikao hakikuchukua muda mrefu baada ya hapo; kipande kikakodishwa kwa mgeni.

Jambo lililobaki la kuomba lilikuwa dogo. Minana walikuwa na makinda wakati huo, ulikuwa msimu wao baada ya mvua, na mgunga wote ulikuwa unalia kwa sauti zao. Nilimfuata mdogo wangu nje ya ua, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa kwamba mgeni alikuwa amemwahidi kazi ya kusimamia shamba. Sikumgombeza. Nilimwomba amwambie tajiri wake auache mgunga ule peke yake, hadi makinda waruke. Baada ya hapo wakate watakavyo.

Alinishika mkono. Alisema, "Nitamwambia, dada. Hilo ni jambo dogo."

Nilijizuia kwenda, maana sikutaka kuwaona wakipima. Nilipokwenda hatimaye, nilianza kusikia msumeno wa mashine nikiwa bado njiani, na nikajipa moyo kwamba ni mkuyu. Mkuyu ulikuwa umeshalala zamani. Mgunga ulikuwa umeangukia majini, matawi ndani, na viota vilikuwa vinaelea vimefumuka, vingine vimejaa maji vikizama taratibu. Mwewe walikuwa wanashuka na kupanda. Minana wazima walikuwa wakizunguka mahali palipokuwa na mti, wakitua hewani, kama mtu anayetaka kukaa kwenye kiti kilichoondolewa. Nilimwuliza aliyeshika msumeno kama hakuambiwa aungoje mti ule. Alizima mashine anisikie vizuri. Akasema hakuna aliyewaambia chochote, na alikuwa anasema kweli, nilimwona usoni. Akaniomba radhi hata, mtu ambaye hanijui.

Sikumtafuta mdogo wangu. Alikuja mwenyewe kibandani, baada ya siku kadhaa, wakati nikikata kola. Alikaa kwenye kiti kilekile cha wateja. Niliendelea na mkasi.

Alisema mambo mengi, na mengine yalikuwa ya haki. Alisema hana mume, hana nyumba, na kipande chake cha urithi hakipo, na kwamba mwanamke hawezi kulala kwa dadake mpaka uzee. Alisema kaka zetu wangekikodisha tu kwa mtu mwingine siku moja. Alisema, "Wewe una cherehani. Mimi nilikuwa na nini?"

Nilimwuliza kuhusu mti. Akasema alisahau, na baadaye akasema hakusahau, aliona haya. Angemwambiaje mwajiri mpya, wiki ya kwanza, aache kazi kwa sababu ya ndege? Wangemcheka kama walivyonicheka mimi.

Nikaweka mkasi chini. Nikamwambia, "Lakini ulicheka pale. Uliniambia ulipumua."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko kikao. Akasema, "Dada, nilicheka kwa sababu nilikuwa na wewe. Ndege ni ndege tu."

Nikauchukua tena mkasi. Nimelifikiria neno lile mara nyingi, na bado sijui kama lilikuwa la upendo au la kuniua. Labda yeye aliponea kwangu, mimi nikadhani ameponea pale. Labda kama ningejua hivyo ningemkalisha jikoni kwangu nikampikia chai, na ukingo ungebaki salama. Lakini sijamwelewa mtu anayeweza kupewa macho ya mwenzake, akayatumia kupimia mahali pa kuweka pampu.

Tikiti zilistawi. Nasema hivi kwa kuwa kuna watu walionifariji wakisema mradi ule hautafika mbali, mto utaubeba. Haukuubeba. Malori yalipakia tikiti hadi juu yakielekea Mombasa, watu wa kwetu walipata vibarua, na mama alitengenezewa paa. Mdogo wangu alinenepa, akapendeza. Anasimamia watu vizuri, nasikia hawatukani.

Kilichoniharibikia mimi hakikuonekana na mtu. Mgongo ulirudia kuuma, na nilijaribu kutafuta pengine pa kukaa. Nilikaa upande wa Ngao, kwenye ukingo mzuri wenye kivuli. Nilikaa nyuma ya kibanda, chini ya mwarobaini. Kote huko macho yalitazama lakini sikuona. Badala ya maji nilisikia kikao. Nilisikia pua ya kaka yangu. Nilijibu maswali ya baba mdogo upya, kwa maneno mazuri zaidi, nikamshinda, nikaanza tena. Nilipomwona ndege yeyote nilijiuliza ana faida gani na ningemtetea vipi. Hapo nikajua kwamba nilichonyang'anywa hakikuwa ardhi peke yake. Ule utulivu wa kutofanya kitu unataka mtu asiyejitetea, na mimi nilikuwa nimegeuka mtu anayejitetea mchana kutwa.

Iliendelea hivyo kwa zaidi ya mwaka. Kisha siku moja nilikuwa nimetoka kupeleka sare, na bodaboda yangu ikapata pancha karibu na daraja. Dereva akainama kuziba. Nikashuka ukingoni kumsubiri kivulini, chini ya daraja, bila leso, bila nia. Kulikuwa na mbayuwayu wamejenga vikombe vyao vya udongo kwenye zege juu ya maji. Walikuwa wanaingia kwa kasi, wanasimama ghafla, wanatoka. Kila lori likipita juu daraja lilitetemeka, na wao hawakujali. Nilitazama jinsi wanavyochota tope pembeni, mabawa wameyainua yasichafuke. Dereva aliponiita sikumsikia mara ya kwanza. Nilipopanda juu ndipo nikagundua kwamba kwa muda ule wote sikuwa nimemfikiria mdogo wangu hata kidogo.

Tangu hapo naenda. Si kila siku. Sikai muda mrefu, na mahali penyewe pana harufu ya mafuta na kelele ya magari, si kama kule. Lakini mgongo unajua, na mimi najua.

Mdogo wangu nasalimiana naye. Tunakutana kwa mama Jumapili baada ya kanisa, tunapika pamoja, anaosha vyombo mimi nasuuza. Mama anafurahi kutuona hivyo na sitaki kumharibia. Majuzi tulikuwa tumebaki wawili jikoni. Alikuwa anasugua sufuria, akaniuliza bila kunitazama, kwa sauti laini ambayo sikuwa nimeisikia kwake tangu siku zile za kutandika leso mbili, "Siku hizi unakaa wapi, dada?"

Nilitaka kumwambia. Nilikuwa na mbayuwayu tayari mdomoni, namna wanavyoinua mabawa.

"Sikai popote," nikamwambia. "Kazi ni nyingi."

Akaitikia kwa kichwa, akanipa sufuria nyingine.